Kaburi la Mgomba

Kawangware 56,
Nairobi.

Kwako dada yangu Nekesa,

Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe wa pembe moja, amezaa au bado anawadanganya? Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi la jiwe la kunolea hakinitoki, na macho yamepungua. Ndiyo maana herufi zangu ni kubwa hivi. Si majivuno.

Nawe mke wa mwanetu unayemsomea, asante. Usiruke mstari wowote, hata ule utakaokutia aibu. Najua mngependa niandike lugha yetu, lakini kalamu nilishikishwa jeshini, kwa Kiswahili, na mpaka leo mkono wangu haujui kuandika kwingine.

Nekesa, nimepata habari ya nishani yangu. Keti kwanza.

Wewe unaijua hadithi hii nusu kwa sababu ulikuwa na miaka minane, na anayekusomea haijui kabisa, basi acha niianze mwanzo. Huko Burma, tulikokuita Bama, tulikuwa tunavuka mto, Wajapani wakatupiga tukiwa katikati ya maji. Nilimbeba mwenzangu Rajabu, Mnubi wa Kibera, aliyevunjika mguu, nikamfikisha ng'ambo. Nikarudi kumchukua wa pili. Huyo sikumfikia. Risasi iliniingia begani na maji yakanichukua. Wenzangu waliona nimezama, na afisa akaandika kuwa nimekufa. Mimi niliokotwa na kikosi kingine huko chini, nikalala hospitali ya India miezi mingi, mwanzoni sijui hata jina langu.

Barua ya serikali ikafika kwa baba. Akafanya kama tunavyofanya mtu wetu akifia ugenini na mwili usirudi. Walikata mgomba, wakauvisha shati langu, wakaulilia, wakauzika nyuma ya nyumba. Baadaye mimi nikatokea na begi langu la jeshi, nikamkuta mama anapalilia karibu na kaburi langu. Aliacha jembe akakimbia.

Baba alichinja kondoo na wazee wakanitakasa. Lakini kutakaswa ni kitu kimoja, kutazamwa na watu ni kingine. Watoto walikuwa wanakimbia wakiniona njiani. Yule binti wa ng'ambo ya mto tuliyeahidiana naye alisema haolewi na mtu aliyekwisha kuzikwa. Hata wewe, Nekesa, ulikuwa unaniletea uji ukiwa umenyoosha mkono mpaka mwisho, kikombe kikifika kwangu unarudi nyuma. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Lakini sikusahau. Nikaja Nairobi nikisema nitakaa mwaka mmoja watu wanizoee. Nimekaa karibu miaka hamsini.

Huku ndiko nilikompata tena Rajabu, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba kapteni alisoma jina langu mbele ya kombania nzima: nimeandikiwa nishani ya ushujaa. Nikangoja. Nililinda malango ya matajiri, nikazeeka, nikaanza kunoa visu vya wauza nyama hapa stejini, na bado nikawa nangoja. Nilijiambia kwamba siku nitakayorudi nyumbani na nishani kifuani, hakuna atakayeniita mzimu.

Mwaka huu imetimia miaka hamsini tangu vita viishe. Wazee waliopigana waliitwa kwenye makaburi ya wanajeshi. Nilipiga koti langu pasi. Kijana wa jirani akaniambia, "Niaje buda, leo umetoka poa!" Nikaenda nimefurahi. Kumbe kila mzee ana nishani zake, zinagongana akitembea, na mimi koti tupu. Mgeni mmoja alinidhania askari wa lango, akaniuliza choo kiko wapi. Nilimwonyesha. Ningefanya nini?

Wiki iliyofuata nilitembea mpaka Kibera, nikamchukua Rajabu awe shahidi wangu. Haoni siku hizi, lakini ulimi wake ni mkali vilevile. Nilipopiga hodi tu akasema, "Marehemu, karibu!" Ndivyo anavyoniita tangu tukutane tena huku. Nilimshika mkono tukaenda kwenye ofisi moja mjini inayoshughulika na askari wa zamani. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa saba. Binti wa pale alileta faili, akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Mzee, pole," akasema. "Hapa inasema ulikufa. Tena ulikufa kitambo."

"Sasa huyu aliyesimama hapa ni nani?"

"Mimi siwezi jua, mzee. Mimi nasoma tu chenye imeandikwa."

Rajabu alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Kisha binti akageuza karatasi nyingine. "Na medali yako haikupotea. Ilitumwa kwa baba yako. Alipokea. Si unaona ameweka kidole?"

Nikainama. Nekesa, kile kidole nilikijua. Unakumbuka kovu la shoka lililopita katikati ya gumba la baba? Liko pale kwenye karatasi, mstari mweupe katikati ya wino.

Binti hakuwa mbaya. Alisema hawawezi kutoa nyingine. Niilete ileile, waone namba iliyochongwa ukingoni, pamoja na barua ya chifu kwamba sikufa. Hapo watasahihisha.

Niilete kutoka wapi? Nilijiuliza njia nzima. Tulipofika Kibera ndipo nikakumbuka. Baba alipokuwa mahututi nilikuja kumwona, akanishika mkono akasema, "Wafula, kitu chako nilikiweka pamoja nawe." Nilidhani ni homa inayosema. Sasa naelewa. Kisanduku kilifika kabla mgomba haujazikwa, kama mali ya marehemu, na mali ya marehemu asiye na mke wala mtoto baba angempa nani? Alikitia kaburini pamoja na mgomba. Sijui kama hata alikifungua. Na niliporudi mzima, kilikuwa chini tayari, na kwetu kaburi likifunguliwa halifungwi tupu. Lazima lipate mtu. Alinyamaza ili asinizike mara ya pili.

Nilimkasirikia siku tatu. Sikunoa kisu hata kimoja. Tangu mke niliyemwoa huku afariki, jioni huwa naongea na redio, na siku hizo hata redio sikuiwasha. Rajabu aliniambia, "Wewe nenda uchimbe. Nani atamkataza mtu kuchimba kaburi lake mwenyewe? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Marehemu. Inama!" Nikakuandikia barua nikitaka wanao wachimbe. Nikaisoma, nikafikiria ni nani kati yao kaburi lingemdai, nikaichana. Nishani haina thamani ya mtoto wako hata mmoja.

Sasa nimekwisha kuamua, na nakuomba uwaambie wote. Lile kaburi asiliguse mtu. Siku nitakayokufa, msinichimbie jipya. Lifungueni lilelile, na hapo halitafungwa tupu. Mgomba utakuwa udongo, na shati pia. Kisanduku nadhani mtakikuta. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Uisome mbele ya watu, iwe sawa na ile ya ukingoni, kisha unibandike nishani upande wa kushoto. Ofisi sitairudia. Siku hiyo faili lao litakuwa limesema kweli.

Lakini sitaki kungoja siku hiyo ndipo nilale kwetu. Nimechoka, Nekesa. Nimeishi huku kama mgeni kwa ajili ya kitu ambacho muda wote kilikuwa hatua ishirini kutoka jikoni kwa mama. Jiwe la kunolea nimeshampata mnunuzi. Desemba nitakuja kukaa, wala si kutembea.

Nisalimie mwanao seremala, na mzee wa kanisa anayeniombea bila kunijua, na yule shangazi aliyepiga nduru kuliko wote siku niliporudi, kama bado yupo. Mwambie natokea tena, ajiandae.

Wewe sikuombi kuchinja chochote. Nitapiga hodi. Niletee uji, lakini usininyooshee kikombe kutoka mbali. Njoo mpaka nilipo, uniwekee mkononi.

Ni mimi kaka yako, na ni mzima,
Wafula