Ishirini na Nne Niliyoifuta Ubaoni

Jumatatu, alasiri. Bariadi.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Nimekaa kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi, kompyuta ya mwisho ukutani.  

Nimejichoka.

Nafundisha kemia mwaka wa tisa sasa. Tangu nirudi kutoka semina ya Mwanza niliacha kuwajazia wanafunzi notisi ubaoni. Nawagawa wanne wanne, nawapa karatasi yenye maswali yanayofuatana, wanapima, wanabishana kwa Kiswahili na Kisukuma, mwisho wanaandika kwa Kiingereza cha mtihani. Mimi napita kati ya madawati nikiuliza swali moja tu: umejuaje? Walimu wenzangu husema nachezesha watoto. Nami, kusema kweli, nimekuwa nikijiona bora kuliko wao.

Wiki iliyopita kidato cha tatu walikuwa wanatafuta asilimia ya maji ndani ya kitu. Kwa kawaida tungetumia mrututu, ile chumvi ya bluu yenye maji ndani yake, lakini chupa ya maabara imebaki na unga wa kutosha kupaka ukucha tu. Nikafikiri, huku kwetu pamba haikosi. Minza, msichana kutoka kijiji cha Kimali anayeishi hapa mjini kwa shangazi yake, akaleta pamba ya shambani kwa baba yake. Ya pili nilileta mimi mwenyewe, kwenye mfuko wa rambo, kutoka ghala la mume wangu.

Mume wangu ni wakala wa mnunuzi binafsi. Zamani pamba yote ilikwenda chama cha ushirika, karani akiitenga safi kando na fifi, ile chafu ya daraja la pili, kando, na fifi ilikuwa aibu ya ukoo. Siku hizi ni soko huria. Kila mwenye mizani ananunua, na anayechagua sana anaachwa na lundo dogo.

Hapa naandika nisichopenda kuandika. Nilijua anaimwagia pamba maji ili izidi uzito. Asubuhi na mapema huwa nasikia bomba la kunyunyizia dawa likipampwa ghalani, na msimu wa kunyunyizia dawa ulikwishapita. Nimelisikia nikiwa nakoroga uji wa watoto, nikaendelea kukoroga. Ndiyo maana nilipochukua ile pamba ya darasani nilichota kwenye lundo la mlangoni, nikidhani lile halijaguswa bado.

Yaani nilijua pa kuepuka.

Jumanne tulipima gramu mia za kila pamba, tukaanika juu ya bati nyuma ya maabara, tukafunika kwa chandarua. Alhamisi tukapima tena. Mizani nzima tunayo moja, kwa hiyo kundi la Minza lilipima kwa niaba ya darasa. Pamba ya kwao ilikuwa imepoteza saba. Ya ghalani, ishirini na nne. Minza akaandika namba zote mbili ubaoni, kubwa kubwa, akageuka.

"Madam, hii ya ghalani imemwagiwa maji."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Hakuwa na ubaya. Lakini nyuma kabisa mtu akasema kitu kwa Kisukuma na kicheko kikapita darasa zima, kwa sababu mfuko ule walikuwa wameniona nao, na ghala lenyewe wote wanalijua.

Nikasema, "Mmekosea kupima. Rudieni."

Wakarudia. Ishirini na nne.

Nikachukua dasta. Nikafuta, nikaandika kumi na moja kwa mkono wangu, nikawaambia mizani ina hitilafu na kwamba hiyo ndiyo namba inayokubalika. Sikuuliza nani amejuaje. Nilimwona Minza akilowesha kidole kwa mate na kufuta ishirini na nne kwenye daftari lake, taratibu, asitoboe karatasi. Akaandika kumi na moja.

Wengine wote wakaandika.

Jumamosi nikasahihisha. Madaftari arobaini na mawili, kumi na moja arobaini na mbili. Kwenye hitimisho Minza ameandika: "Tulipima mara mbili tukakosea. Mwalimu alitusahihisha." Nami nikaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipoiona ile vema nikatoka nje, nikasimama kwenye jua mpaka kichwa kikauma.

Jana baada ya ibada nikamwambia mume wangu. Alikuwa anafunga kamba za magunia.

"Baba Neema, ile pamba watoto wameipima."

"Wakapata?"

"Robo yake ni maji."

Hakuinua kichwa. "Mama Neema, mkulima anatia mchanga, mimi natia maji, kiwandani nao wanajua la kufanya. Nikiacha mimi peke yangu, ataacha nani mwingine? Ulitaka mtu msafi, ungeolewa na padri."

Akacheka. Na mimi midomo yangu ikafanya kitu kama kucheka. Hilo nalo sijajisamehe mpaka sasa, kwamba nilicheka.

Usinielewe vibaya, wewe unayesoma. Si mtu mbaya. Mama yangu alipolazwa yeye ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali. Lakini jana niliangalia mikono yake ikivuta ile kamba na sikutaka inishike.

Leo asubuhi nikaingia darasani kabla sijapata muda wa kubadili mawazo. Wakasimama, wakasalimu, nikawaambia wakae. Sikugawa karatasi. Nikaandika ishirini na nne ubaoni.

Nikasema, "Hii ndiyo namba mliyoipata Alhamisi. Mizani haina hitilafu. Nilifuta kwa sababu pamba ilitoka nyumbani kwangu na niliona aibu. Niliwadanganya."

Nilitegemea mshangao. Hakuna aliyeshangaa. Walinitazama kama mtu anayetangaza kwamba leo ni Jumatatu.

Minza akanyoosha mkono, akasimama, mikono nyuma kwa adabu.

"Tulijua, Madam."

"Kama mlijua, mbona mliandika kumi na moja?"

Akafikiri kidogo. "Maksi unatoa wewe, Madam."

Hakukuwa na kejeli hata chembe. Ndivyo anavyojua dunia ilivyo, na aliyemthibitishia ni mimi, mwalimu wa umejuaje. Wale wenzangu ninaowadharau, wanaoandika notisi mpaka chaki inaisha, angalau hawajamwambia mtoto apime halafu wakamfundisha kutoamini macho yake.

Nilidhani amemaliza, lakini hakukaa.

"Na ile ya kwetu, Madam, usiiandike kwamba ndiyo pamba ya kwetu."

"Kwa nini?"

"Baba aliichagua. Alipoambiwa ni ya shule akachambua iliyo nzuri. Ile ya kuuza tunatia mchanga. Mimi ndiye ninayeshika gunia."

Vichwa vyote vikamgeukia. Si kwa sababu ya habari yenyewe, nadhani nusu yao hushika gunia. Ni kwa sababu ameisema kwa sauti, mbele ya watu, bila kuulizwa na mtu. Mimi mkubwa nilihitaji siku nne kuifikia sentensi yangu. Yeye alitumia muda wa kusimama tu.

Nikamwambia akae. Nikawaambia wafungue madaftari, wakate kumi na moja kwa mstari mmoja unaosomeka, waandike ishirini na nne pembeni. Wasifute. Minza akauliza kama na ile saba wakate. Nikamwambia saba ni kweli kwa ile tuliyoipima tu, waandike chini yake kwamba pamba ilichaguliwa, na ile ya ghalani pia, ingawa aliyeichagua alichagua vibaya. Hapo ndipo walipocheka, na safari hii sikuchukia.

Saa nane, natoka getini, muuza maandazi akaniuliza kama ni kweli Madam amemsema mumewe darasani. Kwa hiyo habari imeshafika sokoni. Ghalani haichelewi.

Sikuenda nyumbani. Nimekuja hapa kukuandikia wewe nisiyekujua, na huo nao ni woga wa namna yake, maana kuiambia kompyuta ni rahisi.

Nikitoka hapa naenda ghalani moja kwa moja. Nitamwambia mwenyewe nilichosema, neno kwa neno, na kwamba bomba lile silitaki tena karibu na pamba. Atakasirika. Huenda akaniambia nirudi kwetu. Sijui.

Jumatano nina vipindi viwili na kidato cha tatu. Nimeshaandika karatasi mpya. Swali la kwanza linawataka waamue wenyewe wachote wapi na waeleze kwa nini. Watakuja mpaka ghalani kwetu wakitaka.

Wakiniletea namba mbaya kuliko ile, je, mkono wangu utaiacha dasta mahali pake?