Kiti cha Mama

Kaka Masinde,

Hapa Ggaba tuko wazima na mvua imeanza. Mama anakusalimu, mimi bado.

Uliniambia nilinganishe yale magari mawili ya haibridi, tupate la kumpeleka Mama kliniki na kanisani. Niliyaendesha yote. Kwa mafuta yanalingana. La kijivu lina buti kubwa na skrini pana, lakini limeinuka sana. Jekundu ni dogo kidogo, ila Mama alipanda mwenyewe bila kushikwa. Nilikuandikia hivyo. Ukanunua la kijivu, kwa sababu marafiki zako huko Doha walilisifu kwenye picha.

Wiki tatu nimemwinua Mama kama gunia. Jumapili alikataa kwenda kanisani, akasema anaumwa. Hakuwa mgonjwa. Amechoka kuinuliwa mbele ya watu.

"Masinde ananipenda," aliniambia, "ila hajauliza nyonga yangu inaendeleaje."

Basi, gari uliliandikisha kwa jina langu. Jana nililirudisha kwa muuzaji, nikabadilisha na jekundu. Leo Mama amefungua mlango mwenyewe, akakaa, akanifokea kwamba namchelewesha.

Wewe ukitaka skrini, nunua televisheni.

Dada yako,
Nanyama