Pomboo Tutawaona Siku ya Idi

Jumamosi, 10 Januari 1998

Matone asubuhi, matone mchana, matone jioni. Nusu kidonge cheupe. Mwanaidi ameijua ratiba kuliko mie mama yake, ananikumbusha.

Nimemwacha na rafiki yangu Da Konso nikaenda mtaa wa Yide Lu kutazama midoli ya kuuza dukani kwetu Unguja. Nimerudi mikono mitupu. Nimesimama mbele ya rafu ya wanasesere, wote macho mazima, yanafunga na kufungua. Hasira zikanipanda, nikaondoka. Muuza duka kaniita laoban, laoban, bosi, rudi. Sikugeuka.

Mfungo wa kumi na moja leo. Jicho la kushoto la mwanangu lilikufa tukiwa bado Unguja. La kulia ndilo tulilolifuata huku kwa Wachina. Daktari wa Kichina wa kule nyumbani ndiye aliyetuandikia barua. Hospitali ya hapa wamesema uvimbe uko nyuma ya macho, unabana mishipa. Mpasuaji mkubwa hayupo, anarudi baada ya mwaka mpya wao. Upasuaji ni Jumatano ya tarehe nne Februari. Mpaka hapo tunakaa katika chumba hiki cha mtaa wa Huanshi Zhonglu tunatia matone.

Ana miaka saba. Saba tu.

Jumanne, 13 Januari

Da Konso kaja na kikaratasi cha bustani ya samaki, ile iliyo ndani ya bustani ya wanyama. Da Konso ni mtu wa Mwanza, ananunua nguo hapa kupeleka kwao. Mkristo, lakini kila siku jioni yuko kwangu anafuturu kuliko mimi niliyefunga. Bila yeye ningeshapata wazimu.

Kwenye kikaratasi pana pomboo karuka, na watoto wamepanga foleni wanamshika mdomo. Mwanaidi kakibandika kwenye jicho mpaka karatasi ikagusa kope. Kakaa hivyo muda mrefu. Anataka kumwona huyo. Amshike na amwone.

Aibu imenishika. Kizimkazi pomboo wako tele, Wazungu wanatoka kwao kuja kuwatazama. Miaka saba nimeishi na mtoto kisiwa kimoja na hao pomboo, sikumpeleka hata siku moja. Kila mara duka. Kila mara mzigo umefika.

Nimemuahidi tutakwenda Idi. Kazaliwa asubuhi ya Idi, takbiri zinasikika dirishani, ndiyo maana ya jina lake. Kwetu siku yake ya kuzaliwa haihesabiwi kwa kalenda, inangoja mwezi. Kaniuliza kwa nini tusiende kesho. Nimemwambia mtu haendi sikukuu kabla ya sikukuu. Atakwenda na gauni jipya na hina mkononi, kama watoto wenziwe nyumbani.

Akakubali. Ni mtoto wa kukubali.

Jumatatu, 19 Januari

Hospitali toka asubuhi. Daktari kamnyooshea vidole kwa umbali wa mkono. Viwili, kasema viwili. Vitano, kasema vitano. Nimeshukuru mpaka machozi.

Mkalimani katufafanulia: kuona kukipungua tu, tumlete siku ileile. Atalazwa na hatatoka mpaka apasuliwe.

Kwenye ngazi nikamwona anafikicha jicho. Hofu ikanitoa ukali. Nikamwambia usifikiche, likizidi utalazwa, na ukilazwa hakuna pomboo. Kaushusha mkono palepale. Hajafikicha tena siku nzima.

Mara nyingine ukali unasaidia.

Alhamisi, 22 Januari

Kangle, kwa mafundi cherehani. Wanafunga Jumamosi, wote wanarudi vijijini kwao kula mwaka mpya, kwa hiyo gauni ni sasa au basi. Da Konso katupeleka kwa fundi wake, bibi mmoja hodari.

Majora yamepangwa mpaka dari. Nimemwambia Mwanaidi chagua mwenyewe. Hakukimbilia mekundu kama nilivyodhani. Kapita anapapasa, jora baada ya jora, anasugua ncha kati ya kidole gumba na cha pili, hivihivi kama bibi yake. Kichwa kakiinua juu kama anasikiliza. Nimemwambia Da Konso tazama damu ya biashara hiyo, hanunui rangi, ananunua kitambaa. Nilijaa fahari mie.

Kisha kachagua kijivu. Jivu la jikoni hasa. Kitambaa wanachotia bitana ya makoti. Nimemwambia mwanangu, Idi hiyo, pale kuna waridi, kuna njano. Kasema hiki ndicho laini. Nimebishana naye, kagoma. Fundi kacheka. Da Konso hakucheka, kanitazama tu.

Basi, kijivu. Siku yake, gauni lake.

Jumamosi, 24 Januari

Tumelichukua gauni. Limekaa vizuri, nisiseme uongo.

Leo kanifurahisha. Nimefungua mlango kimya, sijatoa sauti, kashasema Mama umerudi. Toka upande wa pili wa chumba. Jicho linashikilia, alhamdulillahi.

Kavunja kikombe. Kisha kaniuliza tena, Mama, twende leo. Leo, leo, leo. Nimemkaripia. Saumu imenichosha, kichwa kinaniuma, na siku zilizobaki ni tano au sita. Nimemwambia mtoto gani huyu asiyejua kungoja. Kageukia ukutani.

Jumatano, 28 Januari

Mwaka mpya wa Wachina. Mji umefungwa, taa nyekundu kila mlango, viduka vyote kimya. Mfungo wa ishirini na tisa. Tumekaa dirishani jioni kutafuta mwezi, mie natazama, yeye ananiuliza umeuona, umeuona. Mawingu tu.

Usiku sana nimempigia baba yake. Unguja nao mwezi haujaonekana. Tunakamilisha thelathini, Idi ni Ijumaa.

Nilipomwambia Mwanaidi imebaki siku moja zaidi, kalia. Si kulia kwa deko. Kalia kama mtu mzima, bila sauti, mikono imeshika shuka. Sikuelewa siku moja ina nini. Da Konso kasema mpeleke kesho, Mama Mwanaidi, bustani iko wazi, Mungu hatakuuliza. Nimekataa. Kesho mie nimefunga na mtoto ana siku yake, haijafika.

Nimeandika haya na roho hainitulii.

Ijumaa, 30 Januari. Idi

Nitaandika ilivyokuwa.

Tumeswali chumbani. Nimemvisha. Hina imeshika vizuri. Da Konso kaja na biskuti, tukaondoka watatu.

Umati. Kila mzazi wa mji huu kaleta mtoto wake kwa ajili ya likizo yao. Watu wanamshika nywele Mwanaidi, wanataka kupiga naye picha. Kanishika kiuno kwa mikono miwili, njia nzima. Nikadhani anaogopa watu.

Tumepata nafasi mbele kabisa, karibu na bwawa, maji yanaturukia. Muziki. Filimbi. Pomboo wawili wakapaa juu ya maji pamoja, mbele ya macho yetu, hata mie nikasahau kila kitu. Watu wakapiga makofi.

Mwanaidi akapiga makofi baada ya watu.

Pomboo wakaruka tena. Kimya kidogo, kishindo, makofi ya watu, ndipo makofi ya Mwanaidi. Anatabasamu. Uso kauelekeza kwenye kipaza sauti, si kwenye maji.

Nikapitisha mkono mbele ya uso wake. Polepole. Nikarudisha. Hakupepesa.

Nikamuuliza, Mwanaidi, unaona? Kasema naona Mama. Nikamuuliza pomboo wako wangapi. Kasema mmoja, kama kwenye karatasi.

Sikupiga kelele. Nilikishika chuma cha ukingo wa bwawa mpaka mkono ukafa ganzi. Da Konso kashusha macho, na mie nikajua kwamba yeye alishahisi toka Kangle.

Nilimuuliza toka lini. Nikamwambia sitakugombeza. Akasema, toka kesho yake ya hospitali. Aliamka asubuhi kuna giza. Akaogopa kusema. Mama ulisema likizidi hakuna pomboo.

Mie nilisema. Kwa mdomo wangu huu, kwenye ngazi, kwa sababu ya kufikicha.

Maonyesho yakaisha, watoto wakapanga foleni ya kumshika pomboo. Tikiti za kushika zimekwisha. Meiyou, kasema mwenye dirisha. Hamna. Nikamwonyesha barua ya hospitali. Meiyou. Nikamwonyesha mtoto. Akatazama pembeni. Nimelia pale mbele za watu, na buibui langu, sikukuu, nimeshika dirisha la tikiti. Sijali. Ningepiga magoti. Nadhani nilipiga.

Da Konso akaja. Kichina chake chote ni cha kununulia nguo, hajui kuomba, anajua kupunguza bei. Basi akapunguza. Dakika tano. Meiyou. Dakika mbili. Meiyou. Akaonyesha kidole kimoja, dakika moja, laoban, moja. Msichana anayefundisha pomboo, kavaa viatu vya mpira mpaka magotini, alikuwa anapita na ndoo ya samaki. Kasimama, kamtazama Mwanaidi. Akatuita kwa mkono.

Bwawa tupu, watu wameondoka. Msichana kaupeleka mkono wa Mwanaidi majini, pomboo akauinukia mwenyewe. Vidole vyenye hina juu ya kichwa kile. Kapapasa mdomo, kapapasa juu, karudi nyuma anasugua kwa kidole gumba, kama alivyosugua majora. Pomboo kampulizia pumzi usoni. Akacheka kicheko ambacho sijakisikia toka kabla ya maradhi.

Ilizidi dakika moja. Msichana hakutuondoa.

Njiani kasema ngozi yake kama kandambili iliyolowa maji. Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo kwa kila kitu.

Jumamosi, 31 Januari

Amelazwa toka jana jioni. Daktari wa zamu kamulika jicho, mboni haikusogea. Kasema upasuaji sasa ni wa kuokoa roho, si macho.

Nimemuuliza, kama ningemleta siku ileile? Kasema hajui. Afadhali angenitukana.

Nimekisoma kitabu hiki toka mwanzo, kwenye benchi la hospitali. Tarehe ishirini alikwishaingia gizani. Tarehe ishirini na mbili nimeandika fahari. Tarehe ishirini na nne nimeandika jicho linashikilia. Alinisikia nyayo, alininusa udi wangu, nikashukuru. Kikombe kikavunjika nikamkaripia. Siku kumi mtoto wa miaka saba ameijua njia ya chooni kwa kuhesabu hatua, ili mie nisijue.

Na kabla ya hapo alikuwa na wiki nzima ya kuona. Wiki nzima kaniambia twende kesho. Bustani iko wazi. Nikamwambia tungoje Idi.

Nataka kukichana kitabu hiki. Sitakichana. Nakistahili.

Jumanne, 3 Februari

Wodini. Mvua nyembamba. Kesho ndiyo siku.

Asubuhi wamemnyoa kichwa. Kakipapasa, kaniuliza kama amefanana na babu. Nimesema sana. Jirani yetu wa kitanda cha pili, bibi mmoja wa Kichina, anamrushia machungwa madogo, yeye anayadaka kwa kusikia yanapogonga shuka. Matone wamesimamisha. Mkono wangu bado unayatafuta kila saa zake zikifika.

Baba yake kazungumza naye kwenye simu ya manesi. Mwanaidi kamsimulia pomboo mzima, kuanzia mdomo mpaka mkia. Mkia hakuushika.

Gauni amekataa kulivua. Nesi kamruhusu alale nalo leo. Nilikuwa namkunjia mikono ya gauni, imekuwa mirefu kidogo, akaniuliza, Mama, hili gauni langu la rangi gani?

Nikaumaliza mkono wa pili. Nikamwambia, rangi ya pomboo.

Kapapasa pindo, kasema basi alichagua vizuri. Sasa amelala.