Kiswahili cha Mama Byamungu

Small Heath, Birmingham
Jumapili, 16 Novemba 2025
Asubuhi: mvua ya rasharasha, baridi ya kuuma masikio. Jua hatujaliona tangu Alhamisi.

Dada yangu Thuwaiba,

Salamu zangu zitangulie mlangoni kabla ya maneno yangu, kwa sababu maneno yenyewe leo yanaona haya kuingia. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti la mama limetulia baada ya ile dawa ya kuchua. Sisi huku kiwiliwili hatujambo. Mkubwa bado yuko zamu za usiku, mume na mke tunapishana nyumbani kama wapangaji. Mwanetu Feisal ameota jino la mbele na analionesha kila mtu, hata dereva wa basi.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti. Nimejirekodi nikafuta, nikajirekodi tena nikafuta. Isitoshe, wewe simu yako huiweka spika unapopika, na haya si ya kusikiwa na majirani kabla hujayasikia wewe. Barua anakuletea Maulid, mume wa Saleha, anayesafiri Jumatano. Pamoja nayo kuna mfuko wa soksi nzito za mama. Mwambie azivae, asiziweke kabatini kwa ajili ya wageni.

Nianze na masomo, maana huko ndiko nilikojikwaa. Unajua kwamba nafanya kazi ya usaidizi katika nasari, na jioni nasoma kozi ya malezi ya watoto wadogo. Mwalimu wetu, Leena, humpa kila mwanafunzi mada aisome kisha aje awasimulie wenzake. Mimi niliangukiwa na chekechea za Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, zile zilizofunguliwa katika mitaa ya wahamiaji, Chicago, New York na Boston. Nilizipenda, dada. Fikiria watoto wa Kitaliani, wa Kipolandi na wa Mayahudi waliotoka Urusi, familia nzima chumba kimoja, mama anashona nguo za kiwanda hadi macho yanamtoka maji, halafu anakuja bibi mmoja kijana, sketi imefika chini, anamchukua mtoto wake kila asubuhi, anamnawisha uso, anamkalisha kwenye duara lililochorwa sakafuni na kumpa mipira ya sufi ya rangi na vipande vya mbao ajenge. Mabibi wale walihangaikia maziwa safi na viwanja vya kuchezea. Asubuhi wakifundisha, na mchana wakipanda ngazi za nyumba zile kuwatembelea akina mama.

Lakini huko juu ya ngazi ndiko walikoharibu. Wengi wao waliamini kwamba kumsaidia mtoto ni kumtoa kwao. Mama akaambiwa chakula chake hakifai, kitambaa chake cha kichwani hakifai, na lugha anayombembelezea mwanawe ndiyo mbaya kuliko vyote. Wako watoto waliokua wakiona aibu mama zao wakifungua kinywa mbele ya watu. Jioni ya Jumanne nilisimama darasani nikayasema haya yote, na nilisema vizuri, siwezi kukudanganya. Niliwashambulia wale mabibi kama mwanasheria. Nikauliza walipata wapi ujeuri wa kumfunga mama mdomo ndani ya nyumba yake. Wenzangu wakapiga makofi.

Tulipotoka kungoja basi, Harpreet akanishika mkono. Huyu tuko naye nasari moja na kozi moja, ni mcheshi, hunitania kwamba mimi hutembea kama mke wa balozi. Usiku ule hakutania. Aliniuliza kwa upole tu kama wale mabibi wa Marekani wangemfanyia nini yule mtoto wangu wa Kongo. Nikamwambia si sawa. Akasema hajasema ni sawa, ameuliza tu, na basi lake likaja.

Mtoto mwenyewe anaitwa Byamungu, ana miaka minne. Wazazi wake wametoka Uvira. Alikuja kwetu Septemba, hajui Kiingereza. Audrey, meneja wetu, akafurahi kwamba mimi ni Mswahili, akaniomba nikae na mtoto, nizungumze naye, kisha nimwambie kama usemi wake unalingana na umri wake. Nikakaa naye. Nikarudi nikamwambia Audrey kwamba mtoto hana sentensi iliyosimama, anachanganya maneno, Kiswahili chake kimevunjika, amechelewa. Audrey aliniamini, angemuuliza nani mwingine? Byamungu akawekwa chumba cha watoto wa miaka miwili na kuandikiwa kuonwa na mtaalamu wa usemi.

Hilo nililitenda kwa kuulizwa. La pili nililitenda kwa kujitolea. Jioni ile mama yake alipokuja kumchukua, nilimsimamisha penye makoti, nikamwambia kama anampenda mwanawe asimsemeze tena hicho anachomsemeza. Nyumbani iwe Kiingereza peke yake. Audrey hakunituma. Angenisikia angenikemea, maana taratibu zetu zinasema kinyume. Lakini nilisema kwa Kiswahili, na pale hakuna mwingine anayekijua. Mama Byamungu akanishika mikono miwili, akasema, "Aksanti, madame. Mungu njo amekutuma," yaani Mungu ndiye aliyenituma. Wiki iliyofuata akaniletea sambusa.

Baada ya swali la Harpreet sikutulia. Nasari yetu nayo ina desturi ya kutembelea nyumba, kama wale mabibi, basi Jumatano nikaomba niende kwa Mama Byamungu. Dada, nimeingia nyumba nyingi za huku zenye shida, lakini sijaingia nyumba iliyonyamaza vile. Mama mwenyewe anajua Kiingereza cha dukani tu, bei na asante. Akanieleza kwa fahari kwamba ameshika agizo langu. Amewasha televisheni ya katuni tangu asubuhi, na yeye mdomo ameufunga. Zamani alikuwa akimwogesha akimwimbia, sasa anamwogesha kimya. Mtoto akimuuliza jambo asilojua kulijibu kwa Kiingereza, anamwonesha televisheni. Akaniuliza kama ninaona mabadiliko, kwa sababu yeye anaona mtoto amepoa. Alitumia neno hilo, amepoa, kama mtu anayesifu.

Mtoto mwenyewe hakuwapo sebuleni. Nikamsikia chini ya meza ya jikoni, amekaa na mdogo wake mchanga aliyelazwa juu ya blanketi. Anamsimulia. Taratibu, kwa sauti ya chini, anamweleza habari za bibi yao wa Uvira na mbuzi aliyekula kanga ya bibi siku ya mvua, na jinsi bibi alivyomkimbiza mpaka kiatu kikabaki kwenye tope, na mbuzi akageuka kumtazama kama anayemwuliza, "Bibi, unatakaka nini tena?" Ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mahali pa kucheka alinyamaza kidogo amngojee mdogo wake acheke. Watoto wetu wa miaka mitano hawasimulii vile. Kisha akaona viatu vyangu. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama yake akakimbilia kuniomba radhi. "Pardon, madame. Tunamukatazaka. Atazoea."

Sikunywa chai aliyoniandalia. Nilisema nina haraka.

Alhamisi nikamwambia Audrey. Siku zote huniita "bab", kama wenyeji wa mji huu wanavyoitana. Siku ile aliniita Mwanamize, jina kamili, na akalitamka sawasawa. Hakupaza sauti. Alisema kuanzia Jumatatu mtoto anarudi kwa wenzake wa rika lake, na barua ya kwenda kwa mtaalamu ataiandika upya yeye mwenyewe. Kisha akasema mama wa mtoto nitamwambia mimi, kwa lugha ileile niliyomharibia, naye atakaa kando yangu asikie hata kama haelewi. Kazi bado ninayo. Sijui kwa muda gani.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Audrey sikumwambia lote. Yeye alielewa kwamba nilikosea, kwamba Kiswahili cha Kongo ni kigeni kwangu, nikadhani mtoto hasemi vizuri. Nikamwacha aelewe hivyo. Si kweli. Siku ile ya Septemba nilimwelewa Byamungu neno kwa neno. Nilimuuliza nyumbani kukoje, akaniambia, "Baba anaendaka kazi usiku, njo mama anabakiaka analia. Mi namupanguzaka." Mtoto wa miaka minne ananiambia kwamba mama yake akilia usiku yeye ndiye anayempangusa machozi. Nami nikainuka nikaenda kusema hana sentensi iliyosimama.

Unataka kujua kwa nini, nami nimejiuliza siku nne. Asubuhi ile Audrey alikuwa amewaambia wenzetu, kwa furaha yake tu, kwamba ni bahati, Mwanamize na wale Wakongo ni watu wa lugha moja. Na mimi hasira zilinipanda, dada. Watu wa lugha moja? Mimi niliyezaliwa Unguja, niliyepata zawadi ya insha skuli, nihesabiwe pamoja na watu wanaosema "mutoto"? Nilitaka Audrey ajue kwamba kuna Kiswahili na Kiswahili. Nikamtumia mtoto kumwonesha. Kuhusu lile agizo la Kiingereza, sikumwonea huruma yule mama hata chembe. Nilichotaka ni sauti ile isisikike mlangoni petu kila jioni, watu wakadhani ndivyo tunavyosema sisi.

Wale mabibi wa Marekani angalau hawakujua lugha za watu wale. Walidharau wasichokielewa. Mimi nilielewa.

Na wewe umo humu, ndiyo maana nakuandikia wewe kabla ya mama yetu. Mwezi wa nane uliniomba nikuandikie utaratibu wa chekechea yako hapo Mwanakwerekwe, namna "wanavyofanya Uingereza". Nikakuandikia kwamba mtoto akivuka mlango aache lugha ya nyumbani nje, na wazazi waambiwe wasiwasemeze watoto Kimakunduchi wala lugha za shamba, maana zinawachafua ulimi. Ukanijibu kwamba utawasomea wazazi kwenye mkutano wa Januari na utasema imetoka kwa mdogo wako, mwalimu wa Birmingham. Dada, haikutoka Uingereza. Ilitoka kwangu, palepale lilipotoka lile la Byamungu. Na mimi si mwalimu, ni msaidizi. Nakuomba karatasi ile uichane. Kama umeshawagusia wazazi, waambie nilisema uongo, unitaje jina. Najua umenisifu kwa watu na kwamba utaona haya. Haya hiyo nigawie mimi nusu yake, lakini usije ukamnyamazisha bibi wa mtu kwa ajili yangu.

Nimalizie habari ya Ijumaa. Mama Byamungu alikuja jioni, tukaketi watatu kwenye viti vile vifupi vya watoto. Nilimwambia kwamba mwanawe hana kasoro yoyote, kwamba anasema vizuri kuliko wengi wa rika lake, na kwamba agizo langu lilikuwa baya na lilitoka katika kiburi, si katika elimu. Nikamwambia arudi kumsemeza kama zamani, amwimbie. Nilitazamia anitukane, nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. Akasema anaelewa, nimechoka, mutoto wake amenisumbua, na mimi ni mtu wa heshima nataka kumfariji. Nikarudia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema sawa, kama ni lazima Kiswahili, basi ananiomba jambo moja: nimfundishe mtoto kile chetu cha Zanzibar. "Ile yenu njo ya muzuri, madame. Ya kwetu ni ya kupotea-potea. Mi nitanyamaza tu, wewe njo umusemeshe."

Audrey akaniuliza kwa macho mama amesema nini. Sikuweza kumtafsiria.

Kesho jioni nitakwenda tena kwake, na keshokutwa, na kama atanifungulia nitakaa sebuleni kwake nimsikilize yeye, hata kwa mwaka mzima. Sijui kama itafaa. Niombee.

Mpe mama salamu zangu za heshima, umbusie mikono. Hii barua usimsomee. Nitamwambia mwenyewe nikipata uso. Shemeji na watoto wote wasalimie, na watoto wa chekechea yako pia, khasa wale wa Makunduchi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ninayeona haya,

Mwanamize

Jumatatu asubuhi, ukungu. Naifunga bahasha sasa. Jana nilipata usingizi saa tisa za usiku.