Nyumba ya Mlango wa Buluu

Dada yangu mpenzi,

Natangaza rasmi, kwa masikitiko makubwa, kwamba soksi yangu ya kulia imetoboka. Nimepanda mabasi matatu na kukatiza mashamba kwa miguu hadi kijiji hiki cha mwisho, mkononi nina ile picha ya nyumba aliyotuandikia Baba kuwa ameijenga huku, kabla barua zake hazijakoma. Ng'ombe wa huku wamenenepa kuliko shemeji. Mfikishie salamu hizo.

Nyumba ipo, na mlango wake ni wa buluu kweli. Akafungua bibi mmoja. Nikamwonyesha picha ya Baba.

"Simjui, mwanangu. Mimi nimezaliwa humu humu ndani."

Nikatoa ile picha ya nyumba. Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Pita pale dukani," akasema, "halafu urudi unywe chai."

Najua Mama ameshafunga sanduku lake, anangoja nimwambie aje kuishi na mumewe. Mwambie alifungue kwanza. Singizia mvua.

Mdogo wako, mwenye soksi moja.

N.B. Dukani nakala za picha ile zimejaa rafu nzima, zinauzwa karibu na stempu. Ni kadi ya posta.