Talaka Niliyoifuata London

Mtoto wa ami yangu,

Nimekaa muda mrefu nikitafuta jina la kukuitia. "Mume wangu" sina haki nalo, na "mpendwa" linanikwama kooni. Limebaki hilo la udugu, maana baba yako na baba yangu walizaliwa tumbo moja, na hilo si mimi wala wewe aliyelichagua.

Salamu zako nimezipata. Mpwa wako alikuja Ijumaa baada ya sala, akakaa barazani, akaisokota kofia yake mikononi weee, ndipo akanambia kwamba umenuia kwenda Hija mwaka huu na unaniomba radhi. Kabla ya kufika kwangu alikwishapita dukani na kwa majirani, kwa hiyo mtaa mzima unajua kuwa Haji mtarajiwa anangoja neno kutoka kwangu. Wanapita wananichungulia. Basi kwa kuwa umeniomba mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu. Barua hii nimeiacha wazi, atakaye aisome.

Unakikumbuka chumba chetu cha juu, kile ambacho dirisha lake halikufunga vizuri? Tulikaa humo miezi michache tu. Hukutaka nikupigie pasi mashati, ulisema naziunguza kola. Uliichukua pasi ya mkaa mwenyewe, ukapiga mluzi, ukanyoosha kola kama mtu anayekwenda kuonana na gavana. Nikikata vitunguu machozi yakinitoka, ulininyang'anya kisu ukakata wewe, ukalia wewe. Nilikupenda sana. Nalisema bila haya katika umri huu, kwa sababu mtu anayeomba radhi lazima ajue alichokiharibu.

Yakaja Mapinduzi. Kazi yako ya ukarani ikaota mbawa, rafiki zako wakaanza kuondoka mmoja mmoja, nawe ukatoka kwa njia ya Mombasa kwenda London. "Kabla ya mfungo utakuwa umeshapata tiketi," ulinambia mlangoni, shati limenyooka. Mfungo ukaja, ukaja na mwengine. Mwanzo uliandika kila mwezi, halafu kila Idi, halafu ikawa kadi tu yenye picha ya daraja, anwani yako nyuma na jina lako chini.

Nikabaki na mama yako. Alipopooza upande mmoja nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza ubavu. Alikuwa akinambia, "Mwanangu atakuita tu," nami nikimwitikia, "Inshallah, mama." Tulikwenda hivyo hadi siku tuliyomzika. Katika miaka hiyo mwalimu mmoja aliyefiwa na mkewe alituma watu mara mbili kuuliza kama bado nina mume. Alikuwa mtu mpole, anacheka kwa macho kabla ya mdomo. Wazee waliniuliza nikawajibu, "Mimi mke wa mtu."

Watu walinishauri niende kwa kadhi anivunjie ndoa. Sikutaka kukushitaki, niliona aibu yako ni yangu. Nikasema nitamfuata huko huko: akinitaka nitakaa naye, asiponitaka anitamkie talaka kwa mdomo wake nijue moja. Basi pasi za kusafiria zilipoanza kupatikana kwa urahisi kidogo, nikauza bangili ulizonitolea mahari, nikakata tiketi. Hilo ndilo nililolifuata London, sikufuata jengine.

Nilipofika kwako hukuniuliza nimefikaje. Hata leo hujaniuliza. Nitakuhadithia hivyo hivyo.

Ndani ya ndege nilikula mkate na siagi tu, nyama yao sikuiamini. Nilikuwa nimekubebea chupa mbili za achari ya ndimu, ile aliyonifundisha mama yako, na moja ikapasuka sandukuni. Afisa wa forodha alipofungua alirudi nyuma akashika pua. Kanga, sweta niliyoazimwa, hata shumizi, vyote vimelowa pilipili na manjano. Nikaingia nchi ya Malkia nanuka chakula cha mchana.

Nilikuandikia siku na ndege nitakayokuja nayo. Nikasimama pale penye chuma wanapopokelewa wageni, nikamtolea macho kila mwanamume mwenye kofia. Wenzangu wote niliokuja nao wakakumbatiwa wakaondoka. Nikabaki mimi na sanduku langu, na nilikuwa karibu kulia kwa sauti. "Ee Mola wangu," nikajisemea, "mwana huyu yuko wapi?"

Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa akipiga deki akainua kichwa. "Wamngoja nani, dada?"

Kiswahili cha Mombasa, tena safi. Huyo ndiye Bi Kulsum, aliyekuwa na duka la vitambaa Mombasa na sasa akisafisha uwanja wa ndege. Nilimweleza yote pale pale, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa sijasema na mtu tangu nitoke nyumbani.

"Ulimwandikia, na hakuja?" akauliza. "Basi ama amekufa ama ni mwongo. Ngoja nimalize kazi twende kwangu Harrow, ukaoge kwanza. Wanuka achari."

Nilioga maji ya moto mpaka vidole vikakunjamana. Nikanywa chai ya tangawizi, nikala mahamri na mbaazi katika nyumba ambayo nje yake nyumba zote zinafanana. Wanawe walisikia Kiswahili chote na wakanijibu kwa Kiingereza, naye akiwagombeza kwa Kikachi, lugha yao ya Kihindi. Usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa miaka. Hiyo ilikuwa London yangu ya kwanza, na wewe hukuwamo.

Bi Kulsum akanipa koti lake na kunifundisha majina ya vituo mpaka nikayahifadhi. Kasheshe ilikuwa zile ngazi zinazotembea zenyewe. Niliziogopa, watu wakanisukuma kutoka nyuma, nikashuka na kiatu kimoja, cha pili kikabaki juu. Mzee mmoja wa Kizungu akapanda tena kunifuatia kiatu, akainama kunivisha, mimi nimejifunika uso kwa haya. Halafu nikapanda treni iliyo sawa kwa upande usio sawa, nikafika mwisho wa njia, na mwisho wenyewe siwo. Mfanyakazi wa stesheni akanionyesha kwa kidole nikae papo hapo, itanirudisha. Nikakaa. Mle ndani mlikuwa na joto zuri, na nitakwambia kweli, nilikuwa na raha. Mwanamke ambaye hajawahi kwenda hata Pemba peke yake, leo anazunguka chini ya mji wa London! Nikacheka peke yangu, watu wakanitazama, nikazidi kucheka.

Walthamstow, mtaa ulioandikwa kwenye kadi zako, nikafika. Nilipiga hodi nyumba yako kwa mkono, kengele sikuiona.

Alifungua mtoto wa kike mwenye paji la uso la mama yako hasa. Akakuita ndani kwa Kiingereza. Ukatokea na soksi miguuni, ukaniona, na uso ukakuporomoka. Kisha ukageuka ukawaambia waliomo ndani, kwa sauti ya furaha ambayo hata mimi nusura niiamini, "Shangazi yenu huyu! Mtoto wa ami yangu, katoka Unguja!"

Mkeo akaja mbio. "Karibu wifi, karibu ndani! Mbona bwana hakusema kama unakuja?" Akanivua koti, akanipa chai na keki, akaniwekea mto mgongoni. Simlaumu hata chembe, hakujua kitu na roho yake nzuri. Mimi niliyejijua kuwa mke mwenziwe nikaitwa wifi, nikasema ahsante, nikala keki. Hujui ilivyokuwa tamu na ilivyokuwa ngumu kumeza.

Ukasema unanisindikiza sokoni nikanunue mihogo. Soko lile refu, meza kwa meza hadi jicho linachoka, na kweli mihogo ipo, ndizi mbichi zipo, nazi zipo. Ukaanza kuchagua, unavunja ncha unatazama kama muhogo mweupe ndani. Nikakwambia, "Hebu iache hiyo mihogo. Mie n'mekuja kwa neno moja. Miaka yote hii si mke si mjane. Wanitaka ama hunitaki? Kama hunitaki, niache hapa hapa, nisikie kwa masikio yangu."

Muhogo hukuuweka chini. "Kwani hukusikia?"

"N'sikie nini?"

"Mie n'shakuacha zamani. Kabla sijamwoa huyu. Mbele ya mashahidi wawili."

Ukawataja, na mwaka ukautaja. Mmoja nilimjua. Alikuja Unguja likizo, akala pilau yangu, akaisifu, akanipa salamu zako, akaondoka.

"Na mimi ulinambia lini?"

"Nilidhani utasikia," ukasema. Halafu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayedai shukurani, "Ningekwambia ungetoka nyumbani. Nani angekaa na mama?"

Muuzaji alikuwa ameshafungua mfuko, anangoja. Ukatia mihogo, ukalipa, ukanikabidhi.

Dini naijua, sikubishana nawe. Talaka hupita hata kama mke hayupo. Kumbe eda yangu ilianza ikaisha mimi nikiwa jikoni namkorogea mama yako uji. Asiyekuwapo na lake halipo. Nilikuwa huru mwalimu yule alipotuma watu mara ya kwanza, nilikuwa huru alipotuma mara ya pili, na mara zote mbili nikamjibu mimi mke wa mtu. Alioa kwengine. Wanawe walikuwa wakipita mlangoni kwangu kwenda chuoni kusoma Kurani, wakiniamkia kwa adabu, nami nikiwaitikia nikiingia ndani haraka.

Wala usidhani najuta kumwuguza mama yako. Ungenambia kweli ningekaa naye vilevile, kwa sababu nilimpenda na hakuwa na mwengine. Lakini ningekaa kwa hiari yangu. Wewe hukuniamini hata kwa hilo, ukaona bora unifunge kwa ndoa uliyokwisha kuivunja. Nimekutafutia udhuru miaka yote hii, nimefikiri ujana, ugeni, woga wa wakati ule, na kila ninaoupata haufiki mbali.

Bi Kulsum aliponisikiliza alisonya hadi mwanawe akatoka chumbani kutazama. "Ameweza kukuacha wewe huna habari," akasema, "basi na wewe ufurahi, yeye asiwe na habari." Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa na wiki kadhaa mbele, na nilizila zote. Tulipanda basi la ghorofa, tukakaa juu mbele kabisa, miti ikitupiga kiooni nami nikiinamisha kichwa kila mara. Nilikula pichi, tunda lenye manyoya kama shavu la mtoto, maji yake yakanichuruzika hadi kiwikoni. Nilikwenda Stratford kununua viatu visivyovuka mguuni. Chupa ya achari iliyosalimika tuliimaliza mimi na Bi Kulsum kwa vidole. Kuna jioni moja nilikaa kwenye benchi la bustani, mvua ndogo ikaanza, kila mtu akakimbia, mimi nikabaki. Nililia hapo sana. Kisha mvua ikakatika, nikapangusa uso nikarudi kwa treni, upande ulio sawa, bila kumwuliza mtu njia.

Hayo yote sikukusimulia kwa sababu tangu siku ya mihogo hukuniandikia tena, hata kadi ya Idi. Umenyamaza mpaka sasa, magoti yanakuuma na Hija imekukabili, ndipo umenikumbuka. Nami nikajiuliza usiku na mchana nikupe jibu gani. Kuna siku nilisema ni mzee, aende salama. Kuna siku nilikumbuka muhogo ule mkononi mwako nikatupa kikombe.

Lakini lililonikata maini si la zamani. Nchi hii ina simu, nambari yangu mpwa wako anayo, na hata radhi umeshindwa kuniomba mwenyewe. Umemtuma kijana, akatangaza kwa watu, ukakaa London ukaona kazi imekwisha.

Basi sikiliza. Jana alasiri niliwaita majirani zangu wawili, watu wazima wenye akili zao, nikawakalisha sebuleni nikawapa kahawa. Nikalitamka jibu langu, neno kwa neno, wakalisikia, wakashuhudia. Imekwisha kupita. Nimewaapisha wasimwambie mtu, wala mpwa wako, wala wewe. Huenda nimekusamehe, utazunguka Kaaba ukiwa mwepesi. Huenda sikukusamehe. Vyovyote vilivyo, jambo lako limeshahukumiwa na wewe hukuwapo.

Nakuombea safari ya salama, hilo nalisema waziwazi, na mkeo mpe salamu zangu za kweli. Ukitaka kujua ni neno gani nililolitamka, njia ya kuja huku ni ile ile niliyopita mimi. Njoo peke yako, upige hodi, uniulize uso kwa uso.

Ni mimi,
Mtoto wa ami yako