Sikukupa Ujiji

Rafiki yangu Shabani,

Tangu tukuzike imepita miezi minne. Zamani ningekwambia haya uso kwa uso, nawe ungenikatiza kwa kicheko. Sasa huna budi kunisikiliza mpaka mwisho.

Nilikuonea wivu. Neno hilo nimelifuta mara mbili na kuliandika tena, kwa sababu hakuna jingine lililo sahihi.

Chanzo chake unakijua. Ile ngano ya Wajerumani niliisoma mimi, kitabuni, tulipokuwa chuo cha ualimu. Nikakusimulia njiani tukirudi kutoka Bangwe: wanawake watatu waligeuzwa maua shambani, yote matatu yakifanana. Mmoja aliruhusiwa kulala nyumbani kwake, na alfajiri akamwambia mumewe, "Ukija asubuhi hii ukanichuma, nitakuwa mtu tena." Mume akaenda, akamchuma yeye hasa. Alimtambuaje? Mimi nilikupa jibu papo hapo, kama inavyompasa mwalimu.

Wewe ukalificha. Ukaifanya ngano kitendawili, ukaipeleka barazani kwako Ujiji, na watoto wakawa wanakufuata hata kutoka Gungu. "Mmeshindwa? Basi nipeni mji!" Wakakupa Kasulu, wakakupa Uvinza, nawe ukajidai umefika huko na kulishwa samaki, tena migebuka, ndipo ukalitoa jibu. Hata mimi, uliponitega vingine nikashindwa, nilikupa miji ya mbali. Ujiji, nilikozaliwa, sikukupa hata siku moja. Ukanitania, "Mzee mwenzangu, mji huu utazikwa nao?" Ukazikwa wewe.

Msibani walikutaja kuwa mwenye kitendawili cha maua. Nilikaa mkekani nimeuma meno. Nilitaka kusimama niseme: ni changu. Mungu anisamehe, mwili wako ulikuwa bado ndani.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Rehema alinijia. "Shikamoo, babu. Mwalimu Shabani alitutega kile kitendawili cha maua, akafariki hajatwambia. Wewe unalijua jibu?"

"Marahaba. Mwalimu wako hakukwambia, mimi nikwambie kwa nini?"

Uso wake ulinywea. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalibana kwa choyo. Haikuwa busara, Shabani. Usinisifu huko uliko.

Unalikumbuka kopo la waridi la mke wangu, lile tunaloliingiza ndani kila jioni kwa kuogopa mbuzi wa jirani? Asubuhi iliyofuata Rehema alitumwa kulitoa. Akaliweka kando ya mawaridi ya uani, akainama. Kisha akapiga kelele, nyumba nzima ikatoka.

"Babu! Haya yamelowa, hili kavu! Lililolala ndani halina umande! Yule mume alitazama umande, babu!"

Gauni lake lilikuwa limelowa hadi magotini, naye akirukaruka kama aliyevua samaki kwa mkono. Nimefundisha maisha yangu yote. Majibu nimeyatoa mengi, yote sahihi, na hakuna mtoto aliyewahi kurukaruka hivyo mbele yangu. Hapo nilikuonea wivu kuliko hata siku ya msiba, kwa kuwa hatimaye nilijua ulikuwa ukiwaachia nini.

Akaniuliza, "Mwalimu Shabani alikitoa wapi?"

Swali hilo nililingoja miaka mingi. Nilisafisha koo. Nikasema, "Ni ngano ya Wajerumani. Nilimsimulia mimi. Lakini kukitega, alijua yeye." Sentensi ya mwisho ilinitoka kwa shida. Rehema hata hakuisikia, alikwishakimbilia kwa wenzake.

Basi chukua Ujiji, ndugu yangu. Chukua soko, chukua misikiti, shuka mpaka mwaloni kwa wavuvi, ule migebuka ushibe. Wivu wangu haujaisha, sitakudanganya. Ila nakuahidi: Ijumaa baada ya swala nitaketi barazani kwako, nitatega, kisha nitafunga mdomo mpaka watoto waone wenyewe. Na kila mji watakaonipa, nitaupokea kwa jina lako.

Mola akupe usingizi mwema.

Mwenzako,
Hamisi